Njia ya Tenga la Samaki: Siku Tatu kwa Baiskeli, Tanga hadi Ushongo

Alhamisi: Tanga hadi Pangani

Tumetoka Ngamiani saa kumi na mbili kasorobo, taa za barabarani bado zinawaka. Mama alisimama mlangoni na kanga zake za kuswalia, akatuombea dua, kisha akaniuliza kwa mara ya tatu kama nimechukua pampu. Nimechukua. Nimechukua pia viraka 6, gundi, kipande cha msasa, spana mbili na kichupa cha mafuta ya cherehani kwa ajili ya mnyororo. Vingine vyote amebeba Somo: maji lita 4, tende, nguo, na mfuko wa dawa ambao muuguzi hawezi kusafiri bila kuwa nao.

Namwita Somo kwa sababu jina letu ni moja. Tulikutana darasa la tano tukapangwa dawati moja, na kila mwalimu akiita jina tunasimama wote wawili. Tangu siku hizo mimi kwake ni Somo na yeye kwangu ni Somo, hata waume zetu wamezoea. Sasa anafanya kazi Dodoma. Alifika jana kwa basi, na baiskeli ameazima kwa binamu yake wa Chuda, ya gia, nyepesi, ya kupandia milima. Safari hii tuliahidiana miaka 9 iliyopita, kwenye msiba wa baba yangu.

Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchuuzi wa samaki. Kwa miaka 22 alipanda Phoenix yake nyeusi kabla ya alfajiri, akaenda Kigombe na tenga tupu, akarudi Tanga tenga limejaa. Kwenda na kurudi ni kilomita 50 na ushei. Ada za shule, unga, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye njia ile. Na mimi mtoto wake wa pili sikuwahi kuipita kwa baiskeli hata siku moja. Nilikuwa naipita ndani ya basi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Ndiyo maana niliitaka safari hii, na ndiyo maana nimepanda Phoenix ileile. Matairi, mnyororo na siti vimeshabadilishwa, lakini fremu ni ileile, keria ya chuma ni ileile, na kengele haijawahi kufunguliwa pale ilipofungwa.

Watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa baiskeli. Mji wetu ni tambarare, mitaa imenyooka kama imepigwa rula, na mwanamke akipita juu ya baiskeli hakuna anayegeuza shingo. Tulitoka mjini pamoja na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, wauza mikate, na mzee mmoja aliyefunga mbuzi kwenye keria, mbuzi ametulia kabisa. Mji ukaisha, wao wakapungua mmoja mmoja, tukabaki wawili na minazi.

Safari ya pwani huanza na upepo. Mwezi huu wa Agosti ni wa kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki, na sisi tunaelekea kusini. Lakini alfajiri kuna umande, ule upepo mwepesi wa bara unaoteremkia baharini, na kusi yenyewe hungoja jua lipande ndipo ishike kazi. Baba alikuwa hakubali kuchelewa kutoka hata dakika kumi. Tulidhani ni ukali tu. Leo saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nakanyaga pedali bila kuhema, jasho halijatoka, na nikajua kuwa alikuwa anauwahi upepo huu wa bure kabla haujafungwa.

Jua lilitukuta Machui. Hapa ndipo alipozikwa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, kijiji jirani. Tulishuka kwenye baiskeli, tukasoma Fatiha kando ya barabara, tukaendelea. Barabara yenyewe ni ya vipande: mahali lami mpya inayoteleza kama sinia, mahali vumbi na kokoto, mahali mchepuko unaokutupa kwenye mashimo. Inatengenezwa iungane na ile ya Saadani na Bagamoyo. Ikikamilika yote, basi la Pangani litakuwa la dakika chache, na nafurahi kwa ajili ya wajawazito na wagonjwa wanaoletwa mjini. Ila tulipopita kwenye kipande cha zamani, mchanga mwekundu umebanwa na minazi huku na huku, nilipunguza mwendo kwa makusudi.

Tongoni iko kama kilomita 17 kutoka Tanga, na magofu yako upande wa bahari, mwendo mfupi kutoka barabarani. Tuliegesha baiskeli chini ya mbuyu. Kuna msikiti mkubwa uliobaki kuta na nguzo, na kuuzunguka kuna makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na ya 15, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengi yalikuwa na mnara wa jiwe kichwani mwake. Iliyo mingi imeanguka, na iliyosimama imeinama kama wazee wanaosikiliza. Ukikaribia nguzo unaona vishimo vya mviringo, na ukipitisha kidole ndani ni laini. Humo mlikuwa na bakuli za Kichina zilizopachikwa ziwe pambo. Bakuli zimeshatolewa, alama imebaki. Somo alikaa muda mrefu mbele ya kaburi moja dogo, la mtoto kwa urefu wake, lililochongwa ukingo wote kwa ustadi uleule wa makaburi makubwa. Anafanya kazi wodi ya watoto. Sikumsemesha.

Bahari iko nyuma tu ya mikoko. Mwaka 1498 moja ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda mwamba maeneo haya ikienda. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia walikuwa wamekufa kwa kiseyeye kiasi kwamba waliobaki hawakutosha kuendesha meli 3. Wakaichoma São Rafael moto hukuhuku. Mji huu ulikuwapo, watu wake wakauona moshi. Tunasoma shuleni habari za aliyekuwa melini, na hakuna anayetuuliza habari za waliokuwa wamesimama ufukweni. Leo nimesimama mahali pao, na ninachoweza kusema ni kwamba walikuwa na mahali pazuri pa kuzikia watoto wao, na walipatunza.

Baada ya Mwarongo na majaruba yake ya chumvi, tukaingia kwenye mkonge. Mistari ya mkonge haina mwisho, ya kijani yenye ukungu wa buluu, inafunguka na kujifunga kama feni kadiri unavyopita. Hapo ndipo tairi langu la nyuma lilipolegea. Kila jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, na mwiba ukikauka na kuanguka njiani unakuwa msumari. Niliukuta umezama wote, umebaki kichwa.

Tuligeuza baiskeli miguu juu chini ya mwarobaini. Nikalitoa tairi kwa kutumia mpini wa kijiko kimoja na spana, nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, lakini tundu halikuonekana wala kusikika. Somo akamimina maji kwenye kifuniko cha dishi letu la chakula, tukaipitisha tyubu humo kidogo kidogo, hadi viputo vitatu vikapanda, vidogo kama macho ya dagaa. Nikakausha, nikasugua kwa msasa mpaka mpira ukawa wa kijivu, nikapaka gundi nyembamba, nikangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo watu wengi huharibu. Baba alinifundisha kuwa gundi ikigusika na kidole kikatoka kikavu ndipo unabandika, na kabla ya hapo unabandika karatasi. Nilihesabu hadi 300. Kiraka kikashika. Kisha nikapitisha vidole ndani ya tairi polepole kutafuta ncha iliyobaki, nikaipata, nikaing'oa kwa meno.

Kigombe tulifika saa nne, maji yamekupwa, ngalawa na mashua zimelala kwenye mchanga. Kwa kuwa ni siku za giza, mwezi haupo, wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka usiku na taa zao, na pwani nzima ilikuwa kazini. Akina mama walichemsha dagaa kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, maji ya chumvi yanatokota, kuni zinatoa moshi unaochoma macho. Dagaa wanaingia ndani ya kikapu wanang'aa kama sindano, wanakaa muda wa kusema maneno machache, wanatoka weupe, wanamwagwa juu ya nyavu juani. Wanunuzi husafirisha magunia haya mbali, hata Kongo. Harufu inakaa kwenye nguo, na kwangu mimi ilikuwa harufu ya baba akivua shati.

Niligonga kengele ili watoto wapishe. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akainua kichwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo kengele umeitoa wapi?"

"Ya baba, bibi."

Akasimama, akaifuta kengele kwa ncha ya kanga kama mtu anayemfuta mtoto pua. "Wewe ni wa pili. Uliyeugua surua mwaka wa Elnino."

Ni mimi. Nilikuwa na miaka 3. Akatuambia kuwa mwaka ule njia ilikatika kwa mvua, baba akawa anabeba baiskeli begani kuvuka maji, tenga kichwani, na kwamba alikopa samaki wa siku 3 kwa ajili ya dawa zangu, akalipa wote bila kukumbushwa. Nyumbani hatukuwahi kusikia habari hiyo. Alitupa wali na vibua vya kukaanga, akakataa pesa, akasema kesho usiku tulale kwake tutakaporudi, na keshokutwa alfajiri atanitafutia samaki wa kupeleka kwa mama.

Kutoka Kigombe saa nane kusi ilikuwa imesimama kamili. Sijui niielezeje kwa mtu ambaye hajawahi kuipanda baiskeli bila gia ndani yake. Inakusukuma kifuani kwa kiganja kilichofunguliwa na haichoki. Barabara tambarare inageuka kilima. Unateremka mteremko na bado unakanyaga. Somo, mwenye gia, alikaa mbele nami nikajibana nyuma ya gurudumu lake, kiasi cha mkono mmoja, na hapo upepo unakatika kabisa, unasikia kimya masikioni. Akichoka ananyoosha kiwiko, nami napita mbele. Tulikwenda hivyo, zamu kwa zamu, kupita Boza, hatusemi kitu. Kilomita zisizozidi 20 zilitula saa tatu nzima.

Na humo ndani ya upepo nikaanza kufanya hesabu. Baba alikuwa anakwenda kusini na tenga tupu, anarudi kaskazini na kilo 40 au 50 nyuma yake. Miezi ya kusi, upepo unamzuia akiwa mtupu na kumsukuma akiwa na mzigo. Lakini kuanzia Desemba upepo unageuka. Kaskazi inavuma kumkabili wakati wa kurudi, mzigo umejaa, jua kali, samaki hawangoji. Desemba ni likizo ya shule. Sisi watoto tuko nyumbani, tunamngoja, anaingia mchana, hasemi na mtu, anakaa ameweka mikono kwenye beseni la maji. Tulikuwa tunaambizana kuwa baba hapendi tukiwa likizo. Nilimwambia Somo kwa sauti, upepo ukayachukua maneno, ikabidi nirudie. Akasimamisha baiskeli. Tukasimama njiani mpaka nikamaliza kulia.

Pangani tuliingia saa kumi na moja.

Ijumaa: Pangani, Ushongo, Kigombe

Tumeamka kwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne, miguu mizito, tukanywa chai ya tangawizi na mahamri kwenye kibaraza kinachotazama mto. Maji haya yametoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yanafika hapa ya rangi ya kahawia, na mstari yanapokutana na bahari unaonekana wazi. Mji ni mdogo, wenye milango ya nakshi iliyochoka na kuta zinazodondosha chokaa. Mwaka 1888 watu wa hapa waliikataa kampuni ya Wajerumani iliyokuja kuwatawala, wakaingia vitani. Abushiri bin Salim aliongoza vita hivyo, akakamatwa mwaka uliofuata, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa hapahapa Pangani. Muuza mahamri alituonyesha kwa kidevu upande ambako wazee humwambia kuwa ndipo. Alisema "Abushiri wetu," kama anayemtaja mjomba.

Pantoni ya kwenda Bweni ilijaa baiskeli, mikungu ya ndizi, wanafunzi, na wanaume waliokwisha vaa kanzu mapema kwa ajili ya Ijumaa. Kuvuka ni dakika chache. Daraja la mita 525 linajengwa juu ya mto huu, na mazungumzo yote ndani ya pantoni yalikuwa hayo. Dada mmoja mwenye mimba kubwa alituambia kuwa mtoto wake wa kwanza alizaliwa usiku akiwa anangoja kuvuka. Sikuwa na la kuongeza. Nimeipenda pantoni, lakini dada yule anastahili daraja.

Ukitoka Bweni kuna mlima mfupi na mkali. Tukaukokota. Juu yake njia inapita Kikogwe, na hapa nilitaka tusimame. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe. Mkonge wa Tanga, makabila yaliyoletwa kutoka kila pembe kuja kuukata, wakiwamo babu zake Somo, vyote vilianza na miche 62. Hata mwiba ulioingia kwenye tairi langu jana. Somo alichuma ua moja la porini kando ya njia, akaliweka kwenye mfuko wa shati, hakusema la nani.

Kutoka Mwera tukakata kushoto kwenda baharini, njia ya mchanga chini ya minazi, mchanga unaoshika gurudumu na kulipindua. Tulishuka na kupanda mara nyingi. Kisha minazi ikafunguka, na Ushongo hiyo hapo.

Tulikuwa tumepiga hesabu ya maji tangu Tanga. Siku za mwezi mwandamo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na bamvua ya pwani hii hujaa alfajiri na alasiri, ikakupwa sana saa nne, saa tano. Tulifika saa nne kasorobo. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, ufuko umeachwa mpana, mchanga umebana, bado una maji juu yake, na anga yote imelala humo. Nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi, Somo akafanya vivyo hivyo, tukapanda.

Hakuna sauti. Hilo ndilo nitakalolikumbuka. Barabarani baiskeli ya zamani inalalamika kila kiungo, na hapa ilinyamaza yote, ikabaki mnyororo unaopita kwenye meno yake na mawimbi mbali. Gurudumu la mbele lilichora mstari mwembamba, na ukigeuka unaona mistari miwili inayokuja nyuma yetu, inakaribiana, inaachana, inakutana tena. Kaa wadogo walikimbia ubavuubavu na kuzama. Akina mama waliokuwa wakichokoa pweza kwenye miamba waliinua mikono. Somo aliachia usukani, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kuimba nyimbo tulizoimba darasa la sita tukirudi shule, na sauti yake bado ni ileile, nyembamba na ya kweli. Tulikwenda mpaka mto mdogo ukatuzuia, tukageuka, kusi ikatushika mgongoni. Sikukanyaga pedali kwa muda ambao sikuupima.

Mbele yetu baharini kuna Maziwe. Wazee wa Ushongo wanaikumbuka ikiwa kisiwa chenye mivinje. Sasa ni tuta la mchanga mweupe ambalo maji yakijaa yanalifunika. Kasa bado wanakuja kutaga pale, kwa sababu kasa anarudi alikozoea, na mayai yakiachwa bahari inayachukua. Kwa hiyo watu huenda kuyachimbua kwa uangalifu, huyaleta kwa mashua, na kuyafukia upya kwenye mchanga wa Ushongo juu ya mstari wa maji. Tulionyeshwa vigingi vyenye tarehe. Kijana aliyetuonyesha alituomba tusikanyage hata karibu, akapiga magoti kuondoa jani kavu juu ya kiota kimoja.

Tuliosha baiskeli kwa maji ya kisima, kila tundu na kila pingili ya mnyororo, tukapaka mafuta, maana chumvi haisamehi chuma hata usiku mmoja. Dafu moja moja, wali wa nazi na mkizi, na saa saba tukashika njia ya kurudi.

Kurudi kaskazini na kusi nyuma ni neema. Tulivuka Pangani, saa kumi tukapita Boza, sehemu ileile niliyolia jana, na Phoenix ilikuwa inateleza yenyewe. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa Kigombe kwa bibi.

Usiku, tukila ugali na dagaa mbele ya kibatari, nilimwuliza habari za kaskazi. Hakushangaa. "Miezi hiyo nilikuwa namwambia, chukua nusu tenga. Ananijibu, watoto wako likizo, wanakula mchana pia." Akatuhadithia mengine, ya silikanti aliyeona kwa macho yake akitolewa kwenye nyavu, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani ameshatoweka mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanzania alianza kunaswa mwaka 2003, na tangu 2009 bahari hii yote kutoka Tanga hadi Pangani ni hifadhi kwa ajili yake. Bibi alisema alikuwa mnene, magamba kama sarafu, mapezi kama viganja, na kwamba hakuna aliyetamani kumla. Mimi nilimsikiliza, ila nilikuwa bado kwenye neno lile la mchana pia.

Jumamosi: Kigombe hadi Tanga

Mashua ziliingia kabla ya jua. Bibi alikuwa ameshashuka pwani, amefunga kanga kiunoni, anasukuma watu wazima kwa kiwiko na wanampisha. Alipokea vibua, changu watatu na tasi wachache, akawakagua mmoja mmoja kwa kidole gumba, akamrudisha mmoja bila maelezo. Safari hii nililipa, akapunguza, tukaelewana. Alikuwa na tenga la zamani. Aliweka majani mabichi chini, samaki, gunia lililoloweshwa maji ya bahari juu yake, kisha akanifundisha kufunga: mpira wa tyubu kuukuu, unavuta mpaka ulie, unazungusha chini ya keria mara mbili, unapita juu kwa msalaba. Kilo 15 tu. Nilipoipandisha baiskeli, usukani ukawa mwepesi ghafla na nyuma ikataka kuniangusha. Mara tatu nilishindwa kuondoka. Bibi akashika siti, akanisukuma, nikashika mwendo, nikagonga kengele.

Saa kumi na mbili na robo. Mzigo unayumba kwa nyuma, unajifunza kukaa wima kabisa, unajifunza kuona shimo mapema kwa sababu huwezi kukwepa ghafla. Umande ulikuwa kimya, kusi ikaamka mapema kuliko juzi, na kuanzia Mwarongo ikaweka kiganja chake mgongoni. Somo alikuwa nyuma yangu akilinda tenga, anaita, "Gunia linakauka!" tunasimama, tunamwagia maji, tunakwenda. Hatukuingia Tongoni. Machui watoto walitukimbilia wakiuliza bei.

Ngamiani tulifika saa mbili na dakika ishirini. Mama alikuwa kibarazani. Alisikia kengele kabla ya kutuona, nikamwona anasimama akishika nguzo. Hakusema kitu kwanza. Alikuja kwenye tenga, akafunua gunia, akachukua changu mmoja, akainua shavu lake kwa ukucha, akatazama wekundu wa ndani.

"Wabichi. Mmetoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo."

"Baba yako kwa kusi hii angefika saa mbili kamili." Akamgeuza samaki upande wa pili. "Na tenga limejaa."

Akampa Somo funguo akalete kisu na beseni, akavuta kigoda, akaketi, akaanza kupara magamba.